Shangazi, tumfiche mzee habari za kipimo ama tumwambie?

Shangazi assalam aleikum. Natumai hujambo wewe na jamii yako. Mimi nasoma sana barua za wenzangu hapa lakini kuandika yangu nilikuwa naona haya, leo imenibidi manake nyumbani kwetu hakukaliki.

Ni hivi. Babangu ana miaka 66, twakaa Kisauni, asili yake ni Msambweni. Alikuwa akiendesha kreni bandarini Kilindini mpaka akastaafu. Mwezi uliopita alikojoa damu. Si matone, mamangu asema choo kilikuwa chekundu chote, na hakusikia maumivu hata kidogo. Akanyamaza nayo, siku mbili tatu ikaacha, baadaye ikarudi ndipo mamangu akaona akatwambia. Tukampeleka hospitali moja hapa mjini akapimwa mkojo, akapigwa ultrasaundi, kisha daktari akasema lazima aingizwe kamera kwenye njia ya mkojo ikatazame kibofu kwa ndani. Akasema "mzee usijali, ni kitu kidogo tu, dakika tano" akaandika tarehe akaita mgonjwa mwengine. Nesi akatupa karatasi ya Kizungu kurasa mbili, basi.

Tangu siku hiyo babangu hana usingizi. Namsikia usiku anafungua mlango anakaa nje barazani peke yake. Mzee mmoja wa pale wanapokunywa kahawa amemwambia eti kitu hicho ni waya mrefu, yeye alipowekwa alipiga ukelele mpaka watu wa nje wakasikia, na mwengine akadakia kwamba ukishaingizwa waya huo uanaume ndio umekwenda zake. Haya sikuyasikia kwa babangu, nimeyapata kwa ami yangu. Sahii amepunguza kunywa maji, asema asipokunywa hatokojoa sana na asipokojoa sana hatoiona damu. Na damu yenyewe wiki hii imeacha tena, basi ashaanza kusema amepona, kipimo cha nini.

Kakangu mkubwa yuko Doha, yeye kwa simu asema tusimwambie mzee kitu, tumdanganye anaenda kuangaliwa presha, akishafika huko watamalizana naye wenyewe. Mamangu asema mwachieni Mungu, mkimweleza presha itapanda kweli. Tatizo mimi ndiye nisomaye Kizungu, karatasi iko kwangu, na babangu kila jioni aniuliza "karatasi yasemaje?" nami namwambia baba nimechoka nitaisoma kesho. Nimeisoma Shangazi. Imeandikwa maambukizi, kutokwa na damu, kibofu kutoboka. Na kujitia ujanja nikafungua YouTube usiku nikatazama video ya kipimo chenyewe, wallahi sikufika hata nusu, nilizima simu moyo wanidunda.

Alafu mimi binti namkalishaje babangu nimweleze mambo ya huko? Lakini pia namjua, babangu ni mtu wa kutaka kujua. Akipeleka redio kwa fundi Kongowea hukaa papo hapo juu ya kigoda mpaka ifungwe, hii yafanya kazi gani, na hii mbona umeitoa. Naona kunyamaziwa hivi kwamuuma zaidi.

Nimfiche ama nimwambie? Na nikimwambia, nimwambie kiasi gani? Kipimo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nisahau kusema, alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, ameacha juzi juzi tu.

Binti, Kisauni


Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na mzee mfikishie pole zangu, ila usimwambie umeniandikia maana hapo tutaharibu yote.

Mwambie. Tena usingoje Jumatano usiku, mwambie wikendi hii. Nitakueleza kwa nini na umwambie nini, na nani amwambie, maana naona hilo la mwisho ndilo limekukaba kuliko yote. Mimi si daktari, kwa hivyo ya dawa na ya ugonjwa nitakurudisha kwa daktari, lakini ya namna ya kumwandaa mtu kwa kipimo naweza kukusaidia.

Kwanza la kakako, tulimalize haraka. Mpango wake hautafika popote kwa sababu kabla ya kipimo mzee atapewa fomu atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na anayempima anatakiwa amweleze ni nini anatia sahihi. Hiyo ni sheria, iko kwenye Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, mgonjwa aelezwe hali yake, kipimo, faida yake, hatari zake na gharama, na ikiwezekana kwa lugha anayoifahamu. Sasa fikiria mzee ameamka akijua anaenda kupimwa presha, anafika anaambiwa avue suruali alale chali. Ataamka hapo atoke, na mkimkamata siku nyengine mmempata kwa bahati. Na hata mkifaulu, mumeshachoma imani yake kwa kipimo kimoja, na kamera hii kuna watu hurudishwa kutazamwa tena baadaye. Hilo la kurudishwa usimtangulizie, lakini wewe lijue.

Mamako nae simlaumu, watu wengi hufikiri mgonjwa akiambiwa kidogo ndio atulia. Lakini hebu tazama nyumbani kwenu mwenyewe. Mzee hajaambiwa kitu na bado halali. Hajapewa habari na daktari, hajapewa na wewe, basi amejipatia habari zake kwenye kahawa, na pale kahawani hakuna anayesimulia kipimo kilichoenda vizuri, nani atakaa amsikilize. Kwa hivyo msijidanganye kwamba mnachagua kati ya ajue na asijue. Ashajua, ila alichojua ni waya na ukelele na uanaume kwenda zake.

Na huyo mzee wa ukelele simwiti mwongo pia. Huenda alifanyiwa kitu chengine. Watu wetu huchanganya mambo mawili, kuna mpira wa mkojo ambao mtu anawekwa anakaa nao siku kadhaa na mfuko ukining'inia, na kuna hii kamera ambayo inaingia inatazama inatoka, mtu anavaa nguo zake. Na kamera yenyewe ziko mbili. Iko laini inayopinda, nyembamba kuliko penseli, hiyo kwa kawaida mtu anawekewa jeli ya ganzi tu na yuko macho anaongea. Na iko ngumu ya chuma, hiyo kwa mwanaume mara nyingi atachomwa sindano ya ganzi ya mgongoni ama apewe nusu kaputi kabisa. Karatasi yenu haikusema ni ipi? Basi kazi yako ya kwanza Jumatatu asubuhi ni kupiga simu hospitali ama uende mwenyewe na tuktuk uulize: ni ile laini ama ile ngumu, ganzi gani, ale ama asile. Maana kwa ile laini ya jeli huwa anakula chai yake na mahamri kama kawaida, kwa nusu kaputi lazima afunge kuanzia saa watakazomwambia. Uulize pia kuhusu dawa anazotumia, hasa kama anameza aspirini ama dawa yoyote ya kuzuia damu isigande, asiache wala asiendelee kwa kubahatisha, waseme wao. Na uulize kama mkojo wake umeonekana safi, kwa sababu akiwa na maambukizi kwa kawaida kipimo huahirishwa mpaka atibiwe.

Sasa hili la kuambiwa kupunguza wasiwasi, si maneno yangu ya jikoni. Kuna utafiti wa zamani sana, mwaka 1964, madaktari wa Massachusetts General Hospital kule Boston waliwachukua wagonjwa 97 waliokuwa wanaenda kupasuliwa tumbo. Kundi moja daktari wa ganzi aliwaendea akawaeleza mtaamka na maumivu, yatakuwa mahali fulani, ni misuli inakazana, na mkiyasikia fanyeni hivi na hivi kuilegeza. Kundi la pili hawakuelezwa hayo ya maumivu. Wale walioelezwa walitumia kama nusu tu ya dawa kali za maumivu, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi ya wenzao kwa karibu siku tatu. Hao ni wa tumbo, si wa kibofu, sitaki kukuuzia jambo kwa jina la jambo lengine, lakini angalia walichoambiwa. Hawakuambiwa "hamtasikia kitu" wala hawakusomewa orodha ya mikosi, waliambiwa watakachohisi na cha kufanya kikija.

Hapo ndipo karatasi yenu ilipokosea. Maambukizi, damu, kutoboka, hayo ni maneno ya hospitali kujikinga, na ni haki yaandikwe na mzee ni haki yake kuyajua, lakini hayamwambii mtu kama jeli ni baridi. Na daktari nae na "kitu kidogo tu dakika tano" yake hakusaidia. Dakika tano za nini? Mtu mwenye hofu akiambiwa kidogo tu anasikia kwamba kuna kubwa linafichwa. Mimi hilo neno nalichukia kweli, walitumia pia kwa wanawake kwenye leba.

Lakini tahadhari, habari si mchuzi eti ukizidisha unanoga. Watu hawako sawa. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani waliwafuata wanawake waliokuwa wanangojea kupimwa mlango wa kizazi, wakakuta kuna mwenye tabia ya kutaka kujua kila kitu na kuna mwenye tabia ya kugeuza uso mpaka jambo lipite. Wa kwanza alitulia zaidi alipoelezwa kwa marefu, wa pili alitulia zaidi alipoelezwa kidogo. Kilichowavuruga ni kupewa kinyume cha walivyo.

Sasa babako umenijibu mwenyewe kwenye barua yako. Mtu anayekaa kwenye kigoda cha fundi mpaka redio ifungwe huyo ni wa kundi gani? Na anakuuliza kila jioni karatasi yasemaje. Mwanangu, anayegeuza uso hapo nyumbani si yeye, ni nyinyi. Kakako anaogopa, mamako anaogopa, wewe umezima simu moyo wakudunda, kisha nyote mumekubaliana kwamba mzee ndiye asiyeweza kuhimili. Mimi naona yeye ndiye mwenye moyo hapo kwenu.

Hata hivyo usimvamie nazo zote. Muulizeni kwanza, "wataka uelezwe hatua kwa hatua, ama uambiwe tu saa ngapi na uvae nini?" Akisema hatua kwa hatua, mpeni. Akifika katikati akasema basi imetosha, nyamazeni hapo hapo, msimalize eti kwa sababu mlishaanza.

Haya, nani amwambie. Wewe usimwambie ya huko, nakubaliana nawe kabisa, na si ushamba, ndivyo tulivyolelewa na mzee mwenyewe atazidi kuumia kuyasikia kwa bintiye. Unaye ami. Na huyo ami ndiye aliyekuletea ya uanaume, maana yake babako humfungukia. Basi wewe kaa na ami umsomee karatasi yote kwa Kiswahili, na hayo nitakayokuandikia hapa chini, nae akae na nduguye baada ya magharibi wawili peke yao. Wewe sehemu yako iwe kumjibu swali lake la jioni, "baba nimeisoma, nimempa ami akueleze yote, na hakuna nilichopunguza." Hilo binti anaweza kulisema kwa babake bila haya. Na uache kumwambia umechoka, anajua hujachoka.

Ami aseme hivi, kwa ile kamera laini, na abadilishe kwa maneno yao wenyewe, na Jumatatu mkiambiwa ni ile ngumu amrudie amrekebishie. Utafika, utaulizwa jina na dawa, utaenda choo ukojoe. Utalala chali, utafunikwa shuka, patabaki wazi pale pa kazi tu. Utaoshwa kwa dawa, ni ya baridi. Kisha watatia jeli ndani ya njia ya mkojo, nayo ni baridi, na huenda ikachoma kidogo mwanzoni, ndio ganzi yenyewe inaingia. Hapo wangoje dakika kadhaa ishike, na kama hawangoji waulize, maana jeli isiyongojewa haina maana. Kamera ikiingia utahisi kitu kinapita, kwa mwanaume njia ni ndefu kama sentimita 20 hivi kwa hivyo inachukua muda kidogo kuliko kwa mwanamke. Kuna mahali pamoja, pale penye msuli unaofunga mkojo na tezi dume, hapo ndipo utahisi kubanwa kwa nguvu kidogo, ni sekunde chache. Hapo vuta pumzi utoe polepole, cheza na vidole vya miguu, ama jifanye kama unataka kukojoa, msuli unalegea kamera inapita. Ukikaza ndio pabaya. Baada ya hapo watatia maji ndani ya kibofu ili kifunguke waone vizuri, utasikia mkojo umekubana sana, utaona utajikojolea, ni yale maji, usione haya. Watatazama, watatoa, utaenda choo. Kutazama kwenyewe mara nyingi ni dakika tano mpaka kumi, lakini mwambie ajitayarishe kwa asubuhi nzima kwa sababu ya foleni, manake wengine dakika tano hizo ndizo huwaponza, wakikaa benchi masaa matatu wanadhani kuna kitu kimeharibika.

Umeona hapo sikuandika "utaumia". Si kwamba namficha. Mwaka 2005 kulikuwa na utafiti wa Marekani waliorekodi maneno ya madaktari na manesi wakati wa vipimo vya sindano na mirija, wakaona mgonjwa akionywa kwa maneno ya kutisha, itauma, itachoma sana, maumivu yenyewe na wasiwasi huzidi kuliko asipoonywa kwa maneno hayo. Kwa hivyo mwambieni kweli, kubanwa ni kubanwa, baridi ni baridi, mkojo ni mkojo, na kama kuna kinachochoma semeni kinachoma kidogo na kwa muda gani. Msimwambie "haiumi kabisa", ikibana mara moja tu hatawaamini tena kwa lolote.

Na kwa babako hasa nina jambo moja naona litamfaa, mwambieni aombe kutazama skrini. Nyingi za hizi kamera zina skrini, na kwa wanaume kuna utafiti ulioonyesha waliotazama kibofu chao kwenye skrini huku daktari akiwaeleza waliripoti maumivu machache kuliko wasiotazama. Kwa wanawake walipojaribu haikuleta tofauti, sijui kwa nini na hapa hatuna haja. Mtu wa kigoda cha fundi huyo, mpeni atazame.

La uanaume. Ami amwambie wazi bila kuzunguka, kipimo cha kutazama hakikati kitu huko kinachohusika na nguvu za kiume. Atakaporudi atasikia kuchoma akikojoa siku moja mbili, na mkojo unaweza kuwa na rangi ya pinki, basi asubiri hiyo iishe na mambo yake yaendelee. Wasiwasi huo ndio unamkosesha usingizi kuliko kamera, wanaume hawasemi tu.

La stara nalo si dogo kwa mzee wa miaka 66. Aende na kikoi, si suruali, kikoi kinafunuliwa kidogo na kufunikwa mara moja. Anaweza kuomba mhudumu mwanaume, ukipiga simu Jumatatu uliulize hilo mapema ili wapange, siku yenyewe huenda wasiweze. Na kama hospitali ina wanafunzi, daktari akija na kundi la vijana ana haki ya kusema hawa la, mimi sitaki. Akijua mapema kwamba anaweza kukataa, utaona bega linashuka hapo hapo.

Video zako za YouTube usimpelekee, na wewe mwenyewe uache. Video hizo wengi wametengenezea madaktari wenzao, zinaonyesha kile daktari anachoona na mkono wake unavyokwenda, hazionyeshi mgonjwa anahisi nini, kwa hivyo unatazama kitu kikubwa kwenye skrini wala hujui mtu mwenyewe analala anapiga stori.

Sasa nije kwenye zito. Wasiwasi wa babako naona ni miwili na imekaa pamoja. Mmoja ni wa kamera, huo haya yote yatausaidia. Wa pili ni wa majibu, damu imetoka wapi, na huo hata umweleze jeli mara mia hautaondoka, msishangae ikifika Jumatano bado hana raha. Huo msiufunike kwa "hamna kitu baba". Hamjui kama hamna kitu. Damu kwenye mkojo ina sababu nyingi, kuna maambukizi, kuna mawe, kuna tezi dume iliyokua, na umesema ni mtu wa Msambweni, huko Kwale kichocho kiko miaka yote, utoto wake kama alioga mabwawani daktari aambiwe, maana vijidudu vyake vinakaa karibu na kibofu na vinaweza kuleta damu. Na ndiyo, kuna saratani ya kibofu, na sigara ndiyo inayoongoza kwa kuisababisha, na kichocho cha miaka mingi nacho kimo. Sikutishi. Nakwambia kwa sababu ya lile neno lake kwamba damu imeacha amepona. Damu ya namna hii, nyingi, bila maumivu, kwa mwanaume wa umri huo, ina tabia ya kuja na kuondoka, kuacha kwake si kupona, na ndiyo maana daktari hakutosheka na ultrasaundi. Hilo la damu kuacha ami alifikishe kwanza kabla ya ya jeli, kwa sababu asipoona haja ya kwenda hayo mengine yote ni hadithi.

Na amwambie lililo la kweli pia, kwamba siku hiyo hiyo daktari akishatazama mara nyingi anaweza kusema alichoona. Wakichukua kipande kidogo kwenda kupima maabara, hapo majibu hungojewa, basi muulize kabla hamjaondoka yatakuwa tayari lini na mnayafuata kwa nani. Kungoja kwenye tarehe ni afadhali kuliko kungoja tu.

Maji anywe, kuanzia leo. Asipokunywa mkojo unakuwa mzito na unamchoma zaidi, na kama damu ipo inaweza kuganda. Baada ya kipimo ndio kabisa, maji mengi siku hiyo na kesho yake. Na haya uyaandike kwa Kiswahili herufi kubwa umpe mamako aweke jikoni: homa, kutetemeka kwa baridi, mabonge ya damu, ama kushindwa kukojoa kabisa, mrudisheni hospitali hata iwe usiku wa manane. Hatari ya kutoboka uliyoisoma hutokea mara chache sana, sikuiruka, akiuliza mjibuni hivyo hivyo.

Pesa nayo ni wasiwasi wa wazee wengi na hawaisemi. Ukiwa hospitali Jumatatu hakikisha usajili wake wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, uko sawa na michango imelipwa, na uulize kipimo hicho kitalipwa chote ama mtaongeza kiasi gani. Hapo ndipo kakako wa Doha anaingia. Mwambie la presha limekufa, lakini kazi anayo: atume cha kuongezea, na Jumatano jioni ampigie mzee simu ya video waongee wao wawili, asianze na kipimo, waanze na mpira ama na Doha, mzee akilitaja kipimo mwenyewe amsikilize mpaka mwisho bila kumkata.

Siku ya Alhamisi aende na ami, wewe kaa nje kwenye benchi na karatasi zenu. Kisha uniandikie.

Shangazi